Wageni wakiondoka shambani, ujira hupanda? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Palizi ya kwanza ikifika Trans Nzoia, na viwanda vya sukari vikianza kusaga Muhoroni na Chemelil, malalamiko huwa ni yale yale. Mwenye shamba anasema watu hawapatikani. Kibarua anasema watu wapo, pesa ndizo hazipo. Halafu hutokea mtu wa tatu, mara nyingi mwanasiasa, akadai kwamba wageni ndio wanaoshusha ujira, waondolewe na mambo yatanyooka. Majibu yaliyo hapa ni ya wakulima na vibarua wanaotaka kujua kama dai hilo lina ukweli, na sheria ya Kenya inasemaje wakati huu.

Kwanza, "mgeni" ni nani?

Inategemea umesimama wapi. Busia na Malaba, mgeni ni Mganda anayevuka asubuhi na jembe lake na kurudi kwao jioni. Kitale, wakati wa kuvuna mahindi, ni mtu aliyepanda kutoka Turkana au Pokot Magharibi, au aliyetoka Bungoma na Kakamega. Naivasha, kwenye mashamba ya maua, mitaa kama Karagita imejaa watu wa Nyanza na Magharibi ambao watoto wao wamezaliwa hapo hapo. Kwenye majani chai ya Kericho, wachumaji wengi kwa miaka mingi wametoka Kisii na Nyanza.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya wanaoitwa wageni ni Wakenya. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila au kwa asili yake. Mwenye shamba anayetangaza kwamba anataka "wa hapa tu" anavunja sheria, hata kama chifu amekaa kimya.

Je, wageni wakiondolewa, ujira wa wenyeji hupanda?

Kwa kuwaondoa peke yake, hapana. Jaribio linalojulikana zaidi duniani lilifanyika Marekani. Kuanzia 1942 nchi hiyo ilikuwa na mpango ulioitwa Bracero, wa kuwaleta Wamexico kwa mkataba wa msimu wavune pamba, nyanya, viazisukari na mboga. Mwaka 1956, mpango ulipofikia kilele, walichukuliwa zaidi ya 400,000. Serikali za Kennedy na Johnson ziliamini kwamba watu hawa walikuwa wakiwaharibia soko vibarua wa Kimarekani, na mwisho wa 1964 mpango ukafungwa.

Miongo kadhaa baadaye wachumi watatu, Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel, walifukua takwimu za ujira wa mashambani za jimbo moja moja. Walilinganisha majimbo yaliyotegemea sana Wamexico na yale ambayo hayakuwa nao kabisa. Kama dai la serikali lilikuwa sahihi, ujira ungepanda kwa kasi zaidi kule walikoondoka watu wengi. Haukupanda kwa kasi zaidi. Kazi za wenyeji nazo hazikuongezeka. Utafiti huo ulichapishwa 2018, na mpaka leo ni vigumu kuzungumzia suala hili bila kuutaja.

Mbona haukupanda, na watu wamepungua?

Sisi huwa tunapiga hesabu kana kwamba mwenye shamba ana njia mbili tu: amlipe mgeni kidogo au amlipe mwenyeji vizuri. Ana njia ya tatu na ya nne. Anaweza kununua mashine. Anaweza pia kuliacha zao lile na kupanda jingine lisilohitaji mikono mingi.

California walifanya yote mawili. Chuo kikuu cha huko Davis kilikuwa na mtaalamu wa mbegu, Jack Hanna, na mhandisi, Coby Lorenzen, ambao kwa miaka walikuwa wakitengeneza vitu viwili kwa pamoja: mashine ya kuvuna nyanya, na nyanya yenyewe, ngumu ya ngozi na inayoiva yote kwa wakati mmoja ili mashine isiiponde. Mwaka 1964 mashine hiyo ilikuwa ikivuna sehemu ndogo sana ya nyanya za viwandani. Kufikia 1968 ilikuwa ikivuna karibu zote. Mashine ilikuwa tayari kabla Wamexico hawajaondoka, ila wakulima hawakuwa na sababu ya kuinunua. Kwa mazao yasiyo na mashine, kama asparagasi na stroberi, kilimo chenyewe kilipungua.

Serikali ilijaribu hata kuwachukua vijana wanamichezo wa shule za sekondari wakavune wakati wa likizo ya 1965. Waliojitokeza kujiandikisha walikuwa maelfu. Waliofika shambani walikuwa wachache, na waliomaliza msimu wachache zaidi. Wengine waligoma kwa sababu ya joto na chakula kibovu.

Hayo ni ya Marekani. Mkulima wa Cherangany atatoa wapi mashine?

Anayo tayari, na huibeba mgongoni. Pampu ya kupulizia dawa ya magugu ndiyo mashine yetu. Mtu mmoja mwenye pampu na dawa humaliza kwa asubuhi moja ekari ambayo zamani ilihitaji kikundi cha akina mama na majembe yao kwa siku nzima. Hakuna kiwanda kilichoingia kijijini wala maandamano. Duka la pembejeo lilianza kuuza chupa ndogo ndogo kwa bei ambayo mkulima wa ekari moja anaimudu, na palizi ikaanza kupungua. Waliopoteza zaidi ni wanawake, maana jembe la palizi lilikuwa mikononi mwao, na pampu hupewa kijana wa kiume. Haya sijayaona yakitajwa kwenye hotuba yoyote ya kufukuza wageni.

Baada ya pampu kuna mashine ya kupukuchua inayovutwa na trekta kutoka boma hadi boma baada ya mavuno, na kule Njoro na Mau Narok kombaini imevuna ngano tangu enzi za walowezi. Kwenye chai, mashine za kuchumia zilianza kuingia mashamba makubwa miaka ya 2000. Mei 2023 waandamanaji walizichoma Kericho. Hasira yao ilieleweka. Ila mashine ile haikuletwa na uhaba wa watu, maana watu walikuwepo. Ililetwa na hesabu ya gharama ya kilo moja, na kila mara ujira unapopanda bila bei ya chai kupanda, hesabu hiyo huelekea upande wa mashine.

Hapa kwetu Afrika jambo hili limewahi kujaribiwa?

Mara kadhaa, na mara nyingine hapa hapa Nakuru.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakikuyu kwa makumi ya maelfu kutoka mashamba ya walowezi wa Bonde la Ufa na kuwarudisha Kati. Ndio waliokuwa wameyashika mashamba hayo kwa miaka, wengine wakiwa maskwota wa kizazi cha pili. Walowezi hawakukaa wakingoja ujira upande. Walituma watu kutafuta vibarua Nyanza na Magharibi. Familia nyingi za huko zilizoko Nakuru leo zina babu aliyefika wakati huo, na baadhi ya wajukuu zake wanaitwa wageni hadi leo.

Ghana, Novemba 1969, serikali ya Kofi Busia (hana uhusiano na mji wetu wa mpakani) iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili waondoke. Watu walikimbia kwa mamia ya maelfu. Mashamba ya kakao, yaliyowategemea watu wa Burkina Faso ya leo, Togo na Nigeria, yakakosa mikono ya kupalilia na kuvuna.

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa yetu. Oktoba 1970 Rais Milton Obote aliwaamuru wafanyakazi wa Kenya wasio na ujuzi watoke Uganda. Walioondoka wanakadiriwa kuwa 30,000, wengi wao Wajaluo. Mzee yeyote wa Kisumu aliyekuwa na ndugu Jinja au Kampala anaweza kukueleza namna basi zilivyofika zimejaa. Anayefurahia habari za kuwafukuza Waganda Busia amkumbuke mjomba wake.

Kuna na Januari 2008. Baada ya uchaguzi, wafanyakazi wa maua walikimbia Naivasha, na wa chai wakakimbia Kericho, kwa kuogopa kuuawa. Siuiti huo mpango wa ajira. Nautaja kwa sababu katika ukanda huu neno "wageni" halijawahi kubaki kwenye hesabu za shambani tu.

Kwa hiyo hakuna mahali ujira ulipanda baada ya wageni kuondoka?

Papo. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mwaka 1974 ndege iliyokuwa ikiwarudisha wachimbaji wa Malawi ilianguka Francistown, Botswana, na kuua zaidi ya watu 70. Rais Banda akasimamisha uandikishaji na kuwaita watu wake nyumbani. Katika miaka hiyo ujira wa wachimbaji weusi, uliokuwa umedumaa kwa miongo, ulipanda sana.

Lakini angalia kilichokuwa kikiendelea pembeni. Bei ya dhahabu ilikuwa imeachiwa na ikawa inaruka, kwa hiyo migodi ilikuwa na pesa. Wafanyakazi wa Durban walikuwa wamegoma kwa wingi 1973. Na dhahabu haihamishiki: huwezi kuacha kuchimba dhahabu ukapanda maharagwe. Mkulima wa mahindi ambaye gunia lake hupangiwa bei na soko hana hata moja kati ya hayo.

Basi wavunaji wa California walipata nyongeza vipi?

Kwa kugoma na kukaa mezani. Septemba 1965 wavunaji wa zabibu wa Delano, wengi wao Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong, waliweka visu chini. Chama cha Cesar Chavez kikajiunga nao. Walisusa, wakaomba wanunuzi wa mijini nao wasuse zabibu, na mkataba mkubwa wakaupata 1970, baada ya miaka mitano.

Wenye kutetea kufungwa kwa Bracero husema mgomo ule usingefaulu kama mwenye shamba angeweza kuleta basi la watu wengine kesho yake. Wana hoja, na Chavez mwenyewe aliupinga mpango ule kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mwaka wa kwanza bila Bracero haukuleta nyongeza yenyewe. Nafasi ya kugoma ilipatikana, na watu ndio walioitumia.

Kwetu chombo hicho kipo: chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, chenye makao makuu Nakuru, ambacho hujadiliana na waajiri wa chai na maua. Kasoro yake ni kwamba kinamfikia mwenye ajira ya kudumu kwenye shamba kubwa. Mama anayepalilia kwa jirani Matunda leo na Moi's Bridge kesho hana anayemsemea.

Je, ni kweli vijana wetu wamekataa kazi ya shamba?

Wamekataa bei yake. Kijana yule yule anayeambiwa ni mvivu huamka saa kumi na moja kuendesha boda boda ya mtu mwingine mpaka usiku, kwa sababu jioni anashika pesa yake mkononi. Dada yake anahangaika kutafuta pasipoti aende Saudia kufanya kazi ngumu kuliko palizi. Uvivu hausafiri mbali hivyo. Ukimlipa kibarua wiki mbili baadaye, "tukiuza maziwa", usishangae akichagua pikipiki.

Sheria inasema kima cha chini ni kiasi gani?

Kwa agizo lililoanza Novemba 2024, mfanyakazi wa kilimo asiye na ujuzi hapaswi kupata chini ya takriban shilingi 8,000 kwa mwezi, bila kuhesabu nyumba au posho ya nyumba. Kibarua wa kawaida jijini Kisumu, chini ya agizo la kazi nyingine, kima chake ni zaidi ya shilingi 16,000. Yaani mtu huyo huyo, akiacha jembe Ahero na kushika toroli ya mjengo Kisumu, thamani yake kisheria huongezeka mara mbili akishuka tu kwenye matatu. Ukitafuta sababu ya uhaba wa watu mashambani, anzia hapo kabla hujafika mpakani.

Kulipa kwa mstari, kwa tani au kwa kilo ni halali?

Ni halali, mradi mwishowe mtu asipate chini ya kima cha chini kwa muda aliofanya kazi. Kibarua wa siku hulipwa mwisho wa siku, hivyo ndivyo Sheria ya Ajira inavyosema. Kazi ya kipimo ambayo haijaisha hulipwa kwa kadiri iliyofanyika. Nyapara anayesema "mstari haujafika mwisho, huna kitu" anajitungia sheria yake.

Nina kibarua ambaye amekuja kila siku tangu mwaka juzi. Bado ni kibarua?

Hapana. Akifanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja au zaidi, au kazi yenyewe ikiwa haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, sheria humhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Anastahili likizo, notisi na mengine. Wengi huwasimamisha watu kwa siku chache kisha wakawarudisha wakidhani wameikwepa sheria. Mahakama imeshaiona mbinu hiyo mara nyingi.

Ninaweza kumwajiri Mganda?

Kuvuka kwa kitambulisho ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, ilifungua kazi zile ambazo kila nchi iliziorodhesha, nyingi zikiwa za wenye taaluma na ufundi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 bado inamtaka mgeni awe na kibali, na humwadhibu mwajiri pia. Vijiji vya mpakani huishi kwa mazoea ambayo karatasi hizi hazijayafikia. Ndugu wako pande zote mbili. Lakini ukishamtumia mtu shambani kwako, mlipe. Anayemtishia polisi siku ya malipo hakuwa akitafuta kibarua, alikuwa akitafuta mtumwa wa wiki moja.

Nina ekari mbili, siwezi kupandisha ujira. Nitapataje watu?

Fanya hesabu kwanza. Tuseme palizi ya ekari moja inahitaji vibarua 8 kwa siku. Ukiongeza shilingi 100 kwa kila mmoja, umetoa 800. Mahindi hayavumilii magugu katika wiki nne hadi sita za kwanza. Ukichelewa wiki mbili ukingoja watu wa bei ya chini, unaweza kupoteza gunia moja au zaidi, na gunia la kilo 90 huzidi 800 hata soko likiwa baya. Wengi tunaangalia pesa inayotoka mfukoni leo, hatuangalii ile ambayo haitaingia Desemba.

Zaidi ya ujira, kuna mambo ambayo watu huulizana kabla hawajakuja kwako. Unalipa siku hiyo hiyo, hata kwa M-Pesa? Chai ya saa nne ipo, na chakula cha mchana ni githeri ya kweli au maji yenye mahindi? Unapima mstari kwa kamba au kwa macho ya nyapara? Mama mwenye mtoto mchanga ana kivuli cha kumlaza? Shamba lenye jina baya hukosa watu hata likiwa linalipa zaidi ya majirani.

Kazi ya zamu nayo haijafa. Saga kwa Wajaluo na ngwatio kwa Wakikuyu zilikuwa za watu wenye mashamba ya ukubwa unaokaribiana, wakizunguka kwa huyu leo na kwa yule kesho. Inafaa palizi vizuri. Haifai mwenye ekari 40 anayetaka majirani wamsaidie bure kwa jina la utamaduni.

Njia nyingine ni kutopanda vyote siku moja. Kijiji kizima kikipanda mvua ya kwanza, kijiji kizima kitatafuta watu wiki moja.

Na mkulima wa miwa?

Yeye yuko pabaya zaidi, kwa sababu mara nyingi si yeye anayemwajiri mkataji. Kiwanda au mwanakandarasi huleta kikosi, kisha gharama ya kukata na kusafirisha hukatwa kwenye malipo ya mkulima. Kiwanda kikichelewesha malipo, mkulima hukaa bila pesa na mkataji naye hukaa bila pesa, na msimu unaofuata wakataji wanaenda kwingine. Muwa uliokomaa ukibaki shambani hupoteza uzito na utamu. Kisha watu husema wakataji wamepungua kwa sababu kizazi hiki hakipendi panga.

Watoto wa shule wanaweza kuchuma wakati wa likizo?

Chini ya miaka 13, hapana kabisa. Kati ya 13 na 16, kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Kupuliza dawa si kazi nyepesi.

Nimefanya kazi na sijalipwa. Niende wapi?

Anza na ofisi ya leba ya kaunti. Huduma ni bure, na barua moja kutoka kwao hulipisha wengi. Isipofaulu, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye vituo Kisumu, Nakuru, Kericho, Eldoret na Bungoma. Kesi za wanaopata hadi shilingi 80,000 kwa mwezi zinaweza kusikizwa na hakimu aliyeteuliwa karibu nawe. Una miaka mitatu tangu ulipodhulumiwa, usiipitishe. Beba ulichonacho: jumbe za M-Pesa, daftari la nyapara ukilipiga picha, majina ya mliofanya kazi pamoja. Kama huna mkataba wa maandishi usikate tamaa, kwa sababu kazi inayofikia miezi mitatu ilipaswa kuandikiwa mkataba, na wajibu wa kuuandika ulikuwa wa mwajiri.